Kitabu Kilichosema Tuliimba

Juzi nilimaliza kusoma riwaya moja mpya kuhusu mji wetu, nikaifunga kwa kishindo hata kikombe cha chai kikaruka kwenye sahani yake. Inasimulia habari za wachimbaji wa Kasulo, wale wanaotafuta kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Ina kurasa zaidi ya mia tatu, na katika kurasa zote hizo hakuna mchimbaji hata mmoja anayemtania mwenzake. Hakuna mwanamke anayegombana na jirani kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo. Watoto wote ni macho na vumbi tu. Wanakohoa, wanamtazama mwandishi, wanakufa. Nyuma ya jalada wameandika kwamba kitabu hiki kinawapa sauti watu wasio na sauti. Nimeishi Kolwezi tangu kuzaliwa, na mtu huyo asiye na sauti sijapata kumwona. Jirani zangu wanaanza kusemezana kwa makelele kabla jua halijatoka.

Nilipokuwa bado nimekishika, harufu ya gundi ilipanda kutoka kwenye mgongo wa kitabu ikanijaa puani. Nyinyi mliokua pamoja nami katika miaka ya Zaïre, mkiwa watoto wa wafanyakazi, mtaikumbuka harufu hiyo. Kwangu mimi ni harufu ya chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa sinema wa Kapata, cité yetu, yaani mtaa wa wafanyakazi wa mgodi, na ni harufu ya hasira. Nimekuwa nikiisimulia nusu nusu kwa miaka mingi. Leo nitaisimulia yote, pamoja na sehemu ninayoionea aibu.

Chumba kile kiliitwa bibliothèque, yaani maktaba. Kilikuwa na makabati mawili ya vitabu vilivyoachwa na Wazungu waliokuwa wakubwa wa mgodi kabla yetu, meza moja, na dirisha lililoangalia safu za nyumba zetu zilizofanana kama meno. Aliyekitunza tulimwita Tata Mukendi, yaani Baba Mukendi. Zamani alikuwa akifanya kazi shimoni, mpaka siku jiwe lilipomvunja mguu. Na kwa kuwa alijua Kifaransa vizuri, alipewa chumba kile akikalie, akitembea kwa kuburuta mguu wa kushoto. Alikuwa amevisoma vitabu vyote vilivyokuwamo mara mbili. Kabla ya kukupa kitabu alikuamuru uende bombani, unawe, urudi umwonyeshe viganja. Ukikirudisha, alikifungua ukurasa kwa ukurasa mbele yako. Alama ya penseli, hata ndogo kama yai la chawa, ilitosha kukufungia mlango mwezi mzima.

Mara ya kwanza nilipoingia mle niliogopa sana. Juu ya kabati moja palikuwa na karatasi iliyoandikwa ROMANS. Sisi nyumbani tulikuwa Waprotestanti, na baba aliwaita Wakatoliki "bale ba Roma," kwa sauti ambayo mtu huitumia akimtaja mkwe mkorofi. Nikajua bila kuuliza kwamba lile lilikuwa kabati la watu wa Roma, na kwamba nikiligusa nitakuwa nimebadili dini. Kwa wiki nyingi nilisoma kabati la pili tu, lenye vitabu vya ufugaji wa kuku na kamusi za mitambo, mpaka Tata Mukendi aliponiuliza ni kuku gani ninayetaka kumfuga kwa bidii namna ile. Nilipomweleza, hakucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Mutoto wangu," alisema, "roman ni habari mwenye mutu alitunga mu kichwa yake. Roma haiko mule. Chukua, soma."

Ndivyo nilivyoanza. Na ndivyo nilivyoanza kusikia maoni ya Tata Mukendi, maana hakukipokea kitabu kutoka mkononi mwako bila kukuuliza ulikionaje, na hakukuacha useme mengi kabla ya kusema yake. Riwaya za siku zile, za watu wa mijini wanaopendana na kuachana, alizipima kwa chakula. "Kama mutu anapita kurasa mia moja bila kula," alisema, "mi simuamini tena." Kulikuwa na moja ambamo mwanamke analia sura tatu nzima kwa sababu ya mwanamume, na Tata Mukendi aliisema hadi akatoka jasho. "Sura tatu. Na batoto bake? Nani anabaogesha? Mwenye kuandika hakuwaza hata kidogo." Mimi, mwenye miaka kumi na mmoja, nilidhani kusoma maana yake ni hivyo: kukaa na mtu ambaye hayupo na kumgombeza. Mpaka leo sijabadili fikra.

Lakini kwenye rafu ya chini ya kabati lile palikuwa na karatasi nyingine: ROMANS HISTORIQUES. Nilikwenda kumwuliza mwalimu wetu wa darasa la sita maana yake. Alikuwa kijana mwenye abakosti, ile suti isiyo na tai ya siku za Zaïre, iliyopigwa pasi vizuri, na tulimpenda kwa sababu alikuwa hachapi bila sababu. Alisema neno hilo linatokana na historia, na kwamba kitabu cha namna hiyo ni historia iliyovishwa nguo nzuri ili watu wasichoke. Nikapanga mambo kichwani mwangu jinsi watoto wanavyopanga. Rafu ya juu ni uongo, rafu ya chini ni kweli. Sikuona haja ya kumwuliza mtu mwingine.

Kwenye rafu ya chini nilikuta kitabu kinene kilichoandikwa na Mzungu mmoja kuhusu namna shaba ya kwetu ilivyoanza kuchimbwa. Kwangu kilikuwa kama kukuta picha ya ukoo wetu nyumbani kwa mtu mwingine. Mle ndani kulikuwa na Wakasai, watu wetu, wakipanda treni kuja migodini. Siku ya kuondoka, kilisema kitabu, wanaume waliimba, wanawake wakapiga vigelegele, na treni ikaondoka stesheni ikiwa imejaa nyimbo, kwa sababu watu wale walijua wanakwenda mahali penye mwanga. Nilisoma ukurasa huo mara nne. Kaku yangu, mama yake baba, alikuja kwa treni ile. Nilikimbia nyumbani nikimpelekea kama mtu anayepeleka barua.

Kaku Ngalula alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Mambo ya ujana wake hakuyasimulia, na sisi hatukuuliza. Nikasimama mbele yake nikamsomea, nikitafsiri kila sentensi kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye nyimbo, mtwangio ulisimama.

"Rudilia pale," alisema.

Nikarudia.

"Ile ni bongo." Kwetu, bongo ni uongo. "Hatukuimbaka. Balitufungia mulango na chuma kwa inje. Ilikuwa vagon ya kubebea bitu, haikuwa ya batu. Nani angeimba mule?"

"Lakini kaku, hii ni roman historique. Mwalimu alisema ni ya kweli."

"Ule mwenye kuandika alikuwa mu vagon gani?"

Swali hilo, wasomaji wenzangu, ndilo swali bora kuliko yote niliyowahi kusikia kuhusu riwaya ya kihistoria. Nimesikiliza maprofesa tangu wakati ule na hakuna aliyelifikia. Ila wakati ule sikulitambua. Nililiona kama ukaidi wa mtu asiyejua kusoma.

"Labda weye ulisahau, kaku," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. "Nilisahau," alisema polepole, kama anayejaribu chumvi kwenye mchuzi. Kisha akaushika tena mtwangio. "Bon. Soma, mutoto wangu. Soma yako."

Mwishoni mwa muhula shule yetu ilikuwa na desturi ya kuwaita wazazi kwenye ukumbi wa sinema, ambapo wanafunzi wachache walieleza vitabu walivyosoma. Atakayeeleza vizuri kuliko wote angekwenda kuiwakilisha shule kwenye mashindano ya kusoma kule Likasi. Mimi nilichagua kitabu changu cha treni, na mwalimu alifurahi sana. Siku hizo, kwa amri ya serikali, tulikuwa tumekwisha kuvua majina ya Kizungu. Mimi niliyebatizwa Marthe nilikuwa Kabedi, jina ambalo Kaku alinichagulia mwenyewe, na kila asubuhi tuliimba mbele ya bendera kwamba sisi ni watu halisi wa nchi hii. Majina yalibadilishwa, nguo zikabadilishwa, mto ukabadilishwa jina, mkoa ukabadilishwa jina. Kabati la vitabu hakuna aliyelifungua kuona limebeba nini. Jambo hilo linanikera mpaka leo kuliko mambo makubwa ya nyakati zile ambayo watu hupenda kuyalalamikia.

Ukumbi ulijaa. Mkurugenzi wa shule alikaa mbele, pamoja na wakubwa wa cité. Baba alikuwa kazini, mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo aliyekuja kwa ajili yangu alikuwa Kaku, amevaa kikwembe, yaani kitenge, ambacho nilikuwa nimekiona Pasaka tu. Alikaa benchi la nyuma. Tata Mukendi alisimama mlangoni, mguu wake mbaya ameuegemeza ukutani.

Nilieleza kitabu kwa Kifaransa, nikapigiwa makofi. Mwalimu akasema nirudie kwa Kiswahili, ili wazazi nao wafaidi. Nikarudia. Nilisimulia treni, nikasimulia nyimbo, nikazidisha hata vigelegele, nikavipiga mwenyewe. Watu walipokuwa wakicheka kwa furaha, Kaku akasimama.

"Hatukuimbaka," alisema.

Hakupaza sauti. Mwalimu, akidhani yeye mwenyewe hakusikia vizuri, alimwita mwananchi kwa Kifaransa, kama ilivyoamriwa siku zile. "Citoyenne, unasema nini?"

"Nasema hatukuimbaka. Miye nilikuwa mule."

"Sawa, citoyenne, kaa chini, tafadhali. Mutoto anaeleza kitabu."

"Nimesikia anaeleza. Na miye naeleza."

Mtu fulani katikati ya ukumbi akasema, "Kaku, kama hukuimba siku ile, imba sasa," na ukumbi wote ukacheka. Nilitamani ardhi ipasuke. Mkurugenzi aliniinamia, kwa upole kabisa, akaniuliza kama yule ni kaku wangu. Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na anasema nini?"

Nikamjibu kwa sauti ambayo ukumbi wote uliisikia: "Ameisha kuzeeka, tata. Anachanganya mambo."

Kaku alisikia. Alikaza kikwembe chake kiunoni, akapita katikati ya mabenchi, watu wakimkunjia miguu apite, akatoka. Makofi yalianza tena. Nilichaguliwa kwenda Likasi.

Najua mtasema nilikuwa mtoto. Ni kweli. Hasira yangu haianzii kwa mtoto yule, ingawa simwachi bila lawama. Inaanzia kwa mwandishi wa kitabu kile, ambaye sitajua jina lake la kweli, aliyekaa mahali penye feni na kinywaji, akafikiri: hapa pananoga nikiweka wimbo. Hakumchukia mtu. Alitaka tu ukurasa uwe mzuri. Na kwa ajili ya uzuri wa ukurasa ule, mwanamke aliyezalisha nusu ya wanawake wa mtaa wetu alichekwa mbele ya watu, na mjukuu wake ndiye aliyewapa ruhusa.

Nyumbani Kaku hakunigombeza. Alinipakulia bukari, ugali wetu, kama kawaida. Ila hakuniita tena nimsomee, na nilipopita na kitabu alikuwa na kazi upande mwingine wa ua.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Tata Mukendi alikuja kwetu akiburuta mguu, amekibeba kitabu kile kimefungwa kwa gazeti. Alikataa kiti kizuri, akakaa kwenye kigoda karibu na Kaku.

"Mama, nimekuya kuomba musamaha," alisema.

"Weye ulifanya nini?"

"Mi njo nilimupa mutoto hii kitabu. Nilikuwa najua iko na bongo. Niliwaza ni bongo ya kawaida, ile ya ma-roman yote. Sikuwaza kama mwenye kuumia anaishi pale pale, nyumba ya tano."

Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitaka kusema kitu. Mama akamshika mkono.

"Kama unapenda," Tata Mukendi aliendelea, "uniambie ilikuwa namna gani. Nitaandika."

"Utaandika wapi?"

Alikifungua kitabu mwishoni kabisa. Palikuwa na kurasa nne tupu, zile ambazo wachapaji huziacha. "Hapa," alisema. "Mwenye atasoma ile, asome na hii."

Mimi nilikuwa nimeketi kizingitini, na nilidhani sikusikia vizuri. Huyu ndiye mtu aliyenifukuza mwezi mzima kwa sababu ya nukta ya penseli. Nilimwona akichomoa kalamu ya wino mfukoni, akaikung'uta, akangoja.

Kaku akaanza. Alisema walipandishwa Mwene-Ditu, mume wake akiwa ameandikishwa na chifu bila kuulizwa. Mlango ulifungwa kwa nje. Wakati wa mchana bati la vagon lilikuwa likiunguza, na pipa la maji lilikuwa moja kwa watu wote. Alikuwa na mtoto wake wa kwanza, msichana ambaye alikuwa bado hajaota meno. Baada ya Kamina maji yakaisha na maziwa yake yakakauka. Mtoto alikufa mchana. Treni iliposimama ichukue makaa, wanaume waligonga mlango mpaka ukafunguliwa, wakaazima koleo la mtu wa makaa, wakachimba kando ya reli.

"Firimbi ikalia," alisema Kaku. "Tukaacha mbele ya kumaliza. Mume wangu alibakia anasukuma bulongo na miguu. Wakamuvuta, akapanda. Njo vile."

Kalamu ya Tata Mukendi ilisimama. "Mutoto, jina yake?"

Kaku alinielekeza kwa kidevu. "Njo ile ya huyu."

Nilikuwa nimeambiwa kwamba jina langu ni la ndugu wa zamani. Siku zote nilimfikiria ndugu huyo kama kikongwe, mwenye fimbo na kiko, aliyekufa akiwa ameshiba miaka. Nilikaa pale kizingitini nikitazama mikono yangu.

Tata Mukendi alipomaliza alimsomea Kaku yote aliyoandika, sentensi kwa sentensi. Kaku alisikiliza huku amefumba macho, na akamsimamisha mara mbili. "Haina siku tatu mu treni. Siku ine." Tata Mukendi akafuta kwa wino, akaandika nne. "Na usiandike tulilia sana. Hatukulia. Hatukukuwa na maji ya kulia." Akafuta tena. Chini akaandika jina la Kaku, na chini yake jina lake mwenyewe, kama shahidi. Nimewasoma wahariri wengi wanaosifiwa. Kaku yangu, ambaye hakujua kuandika hata herufi ya kwanza ya jina lake, aliwashinda.

Kitabu kilirudi kwenye rafu ya chini. Hakikukaa muda mrefu. Mwalimu wetu alikiazima mwenyewe, anitayarishe kwa ajili ya Likasi, akazikuta kurasa zile za mwisho. Alikipeleka kwa mkuu wa ukumbi. Nilisikia habari kutoka kwa mama, aliyezisikia bombani: Tata Mukendi ameharibu mali ya kampuni. Walichukua wembe wakazikata kurasa zote nne, wakamwondoa kwenye chumba chake, wakamweka mlangoni mwa kantini, ahakikishe kwamba anayeingia amevaa viatu. Chumba alipewa mtu mwingine, ambaye alikifungua mara moja kwa wiki na hakumwuliza mtu alionaje.

Nilikwenda kumwona pale kantini. Nilikuwa nimejitayarishia maneno mengi, yakanitoka kichwani yote. Nilisema tu, "Tata, ni juu yangu."

"Haina juu yako," alisema. "Niliandika na mukono yangu, na mukono yangu inajua juu ya nini." Kisha akaniuliza nasoma nini siku hizi. Aliendelea kuniuliza hivyo kila nilipopita, miaka yote, mpaka alipostaafu akahamia Musonoi kwa binti yake, na hata huko nilimfuata na vitabu. Alifariki akiwa anabishana na riwaya moja nene ya vita ambamo, alisema, jeshi zima linatembea bila mpishi. Kwenye chumba kile hakurudi hata siku moja, na hakuna aliyewahi kumwomba msamaha yeye.

Juma moja kabla ya safari ya Likasi, nilisimama darasani wakati wa somo la historia. Nilisema, "Mwalimu, ile nilieleza ku ukumbi ni bongo. Bale batu hawakuimba."

"Kaa chini, Kabedi."

"Kaku wangu alikuwa mule. Tata Mukendi aliandika, na mulikata."

Mwalimu alijaribu kutabasamu. Akaweka chaki mezani, akaniambia, taratibu kama anayezungumza na mgonjwa, maneno ambayo nimeyasikia mara mia baada ya hapo: "Kwa nini unajisumbua? Ile ni roman tu. Mutu alitunga."

"Lakini ulisema ni historia yenye kuvaa nguo mzuri."

Hapo tabasamu likaisha. Alifuta jina langu kwenye karatasi ya Likasi mbele ya wenzangu wote, akaandika la msichana mwingine, akaniamuru nikapige magoti uani, kwenye kokoto, mpaka kengele ya mwisho.

Nimefundisha Kifaransa miaka mingi na nimesoma kila nilichoweza kukipata, na yule mwalimu nimekutana naye katika kila kizazi. Riwaya inapotaka kusifiwa na kuuzwa, wanaandika kwenye jalada kwamba imetokana na mambo ya kweli. Wenye mambo yao wanapokuja kusema hapana, haikuwa hivyo, wanaambiwa ni ubunifu tu, mbona hamwelewi sanaa. Chagueni moja. Kama ni kweli, mtuulize. Kama mmetunga, msitundike jina la mji wetu juu yake. Waandishi wa zamani walituimbisha, wa leo wanatukohoza, na wote hawakuingia kwenye vagon. Sisemi mwandishi aandike yale tu aliyoyaona kwa macho yake. Nazipenda riwaya za kihistoria, na nimekesha nazo. Ila ninapoifungua yoyote, namtafuta mtu ndani yake ambaye angeweza kusimama benchi la nyuma na kumkatalia mwandishi. Nisipomkuta, nafunga.

Siku ile nilipiga magoti tangu saa nne hadi saa saba. Jua lilikuwa kali na vumbi la barabara ya mgodi lilikuwa likitua juu ya kila kitu. Wanawake waliopita na mabeseni walinitazama, na mmoja aliuliza nimeiba nini. Sikulia. Nilikuwa na hasira ngeni, ambayo haikuwa ya kunyimwa kitu, na nilishangaa kuona inanishikilia wima.

Kaku alikuwa nyumbani peke yake niliporudi. Habari zilikuwa zimekwisha kumfikia, maana cité yetu haikuwa na siri. Alinikalisha kwenye mkeka chini ya ukingo wa bati, akaleta maji ya vuguvugu yenye chumvi, akaanza kunitoa kokoto magotini moja moja, kwa ncha ya ukucha.

"Kaku," nilisema, "mi nilidanganya batu juu yako."

"Nilisikia."

Alitoa kokoto nyingine, akaitazama, akaitupa uani. Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikumwomba aseme.

"Mbele ya kupanda treni," nikamwuliza, "mulikuwa wapi? Mulitokea nyumba gani?"

Mikono yake ilisimama kwenye goti langu. Kisha akakamua kitambaa, akakiweka, akaanza kutoka nyumbani kwa mama yake, na ng'ambo ya mto, na jina la mbwa aliyewafuata hadi stesheni. Aliendelea mpaka alipofika Kolwezi, na mimi sikumkatiza hata mara moja.